DT-2234C+: tachometa ya leza kwa anayetaka kujua gurudumu linazunguka mara ngapi

DT-2234C+ ni tachometa ya mkononi inayopima bila kugusa. Unabandika kipande cha stika inayoakisi mwanga kwenye kitu kinachozunguka, unakielekezea leza, unashikilia kitufe cha pembeni, na skrini inaandika kitu hicho kinazunguka mara ngapi kwa dakika. Inauzwa kwa rangi na nembo nyingi, na wengi huinunua kwa ajili ya mota, majenereta na mashine za kusaga. Hapa tunaitazama kwenye kazi moja tu, ya gurudumu: baiskeli, pikipiki au gari likienda kwa spidi fulani, gurudumu lake linapaswa kuzunguka mara ngapi kwa dakika, na je, ndivyo linavyozunguka kweli?

Hukumu yetu tuitangulize. Kifaa kinafaa, na usahihi wake unazidi kwa mbali mahitaji ya kazi hii. Majibu yanayopotoka husababishwa na vitu viwili vilivyo nje ya kifaa: mzingo wa tairi uliokisiwa, na mng'ao wa spoki na rimu. Mwenye kuvidhibiti hivyo viwili atapata namba za kutegemea kutoka kwenye kifaa cha bei ndogo. Asiyevidhibiti hatasaidiwa hata na tachometa ya gharama mara kumi.

Hesabu kwanza, kifaa baadaye

Gurudumu lisiloteleza likizunguka mara moja, chombo husogea umbali ulio sawa na mzingo wake. Kilomita 1 kwa saa ni mita 1,000 kwa dakika 60, yaani mita 16.667 kwa dakika. Basi chukua spidi kwa kilomita kwa saa, zidisha kwa 16.667, kisha gawanya kwa mzingo ulioandikwa kwa mita. Jibu ni mizunguko kwa dakika, ile ambayo skrini inaiita RPM. Ukitaka kurudi, kutoka namba ya tachometa hadi spidi, zidisha mizunguko kwa mzingo wa mita, kisha kwa 0.06.

Tuanze na baiskeli kubwa ya 28, ile ya kubebea mizigo. Ubavuni mwa tairi lake huandikwa 40-635: upana milimita 40, na kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia milimita 635. Ongeza 40 juu na 40 chini, unapata kipenyo cha milimita 715. Zidisha kwa 3.1416: mzingo ni milimita 2,246, au mita 2.246. Kwa spidi ya kilomita 20 kwa saa, 20 mara 16.667 ni 333.3, gawanya kwa 2.246, unapata mizunguko 148 kwa dakika.

Baiskeli ina uzuri mmoja: cheni haitelezi, kwa hiyo inakupa njia ya pili ya kuhakiki jibu hilohilo. Kama sproketi ya pedali ina meno 48 na ya nyuma meno 18, kila mzunguko wa pedali unalizungusha gurudumu mara 2.667. Mizunguko 148 ya gurudumu inatoka kwenye mizunguko kama 56 ya pedali, kiasi ambacho mtu anaweza kukihesabu kwa saa ya mkononi. Namba mbili zikigombana, rudi kwenye meno ya sproketi uyahesabu upya, halafu angalia usomaji wa tachometa.

Kwa pikipiki chukua tairi la 3.00-17, ambalo ni la kawaida sana nyuma ya bodaboda. Inchi 17 ni milimita 431.8. Alama za aina hii hazitaji urefu wa ubavu, na kwa makadirio unahesabiwa kuwa sawa na upana: inchi 3, yaani milimita 76.2 juu na 76.2 chini. Jumla ni milimita 584, mzingo mita 1.835. Kwa kilomita 50 kwa saa linatakiwa lizunguke mara 454 kwa dakika.

Gari lenye tairi la 195/65R15: 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayofanya urefu wa ubavu, 15 ni rimu kwa inchi. Ubavu ni 195 mara 0.65, yaani milimita 126.75. Rimu ni milimita 381. Kipenyo kizima ni milimita 634.5 na mzingo wake milimita 1,993. Kwa kilomita 100 kwa saa unapata mizunguko 836 kwa dakika. Hesabu ni safi, ila jibu si la barabarani.

Mzingo wa kwenye karatasi na mzingo wa barabarani

Hapa ndipo wengi wanapoilaumu tachometa bure. Tairi lililobeba uzito hubonyea pale linapogusa ardhi, na umbali linaousafiri kwa mzunguko mmoja hupungua kuliko mzingo wa tairi linaloning'inia. Kwa matairi ya radiali ya magari madogo, wahandisi wa Ulaya hawazidishi kipenyo kwa 3.1416 wanapotafuta mzingo wa kuviringika. Huzidisha kwa 3.05. Tairi letu la 195/65R15 linakuwa na mzingo wa kuviringika wa milimita 1,935, si 1,993. Kwa kilomita 100 kwa saa jibu linapanda kutoka mizunguko 836 hadi 861.

Tofauti hiyo ni asilimia 3. Ilinganishe na kosa la kifaa. DT-2234C+ imeandikiwa usahihi wa asilimia 0.05 pamoja na tarakimu 1 ya mwisho. Kwenye mizunguko 861 hiyo ni kama nusu mzunguko, sawa na kilomita 0.06 kwa saa. Fundi anayetumia mzingo wa 1,993 amekosea kilomita 3 kwa saa kabla hata hajawasha kifaa.

Uchakavu nao unahesabika. Tairi jipya la gari dogo mara nyingi lina meno ya kina cha milimita 8 hivi. Likilika hadi milimita 1.6, kipenyo kinapungua milimita 12.8, ambayo ni asilimia 2 ya kipenyo cha tairi hilo. Kwa hiyo gari lilelile, spidi ileile ya kilomita 100 kwa saa, tairi kipara linafanya mizunguko 17 zaidi kwa dakika kuliko jipya. Upepo mdogo nao unapunguza mzingo wa kuviringika, hasa kwenye tairi za baiskeli na pikipiki.

Dawa ni kupima mzingo kwa kuviringisha, na kazi hii haihitaji kifaa chochote cha kununua zaidi ya tepu ndefu na chaki. Jaza upepo kiasi kinachotumika siku zote. Chombo kibebe mzigo wake wa kawaida. Kwenye baiskeli na pikipiki lazima mtu awe amekaa. Piga mstari wa chaki ubavuni mwa tairi pale linapogusa sakafu na mstari mwingine sakafuni, sambamba nao. Sukuma mbele kwa mstari ulionyooka hadi alama ya tairi irudi chini mara 5. Piga mstari wa pili sakafuni, pima umbali, gawanya kwa 5. Kwa mizunguko 5, ukikosea sentimita nzima kwenye tepu, kila mzunguko umekosewa milimita 2 tu. Kwa mzunguko mmoja, sentimita hiyohiyo inabaki sentimita.

Pikipiki yetu ya 3.00-17 ikitoa mita 8.95 kwa mizunguko 5, mzingo ni mita 1.79, na kwa kilomita 50 kwa saa mizunguko sahihi ni 466, si 454. Andika mzingo huo kwa rangi ndani ya kifuniko cha betri cha pikipiki au kwenye daftari la karakana. Utautumia tena.

Kifaa chenyewe

Kinapima kuanzia mizunguko 2.5 hadi 99,999 kwa dakika. Chini ya 1,000 kinaonyesha sehemu moja ya kumi ya mzunguko. Kuanzia 1,000 kinaonyesha namba nzima. Magurudumu ya barabarani karibu yote huangukia chini ya 1,000, kwa hiyo unapata desimali moja, na inatosha. Kinatumia betri ya volti 9, ile ya kisanduku yenye vichwa viwili upande mmoja. Umbali wa kupimia ulioandikwa ni milimita 50 hadi 500. Kwa gurudumu la spoki tunapendekeza sentimita 15 hadi 30: ukiwa karibu zaidi mkono uko hatarini, na ukiwa mbali zaidi nukta ya leza inacheza na kutoka kwenye njia ya stika.

Kifaa huchukua kipimo kipya kila sekunde 0.8 pale kitu kinapozunguka zaidi ya mara 60 kwa dakika. Hiyo ina maana kwamba gurudumu ulilolizungusha kwa mkono na linalopungua mwendo halitakupa namba moja. Litakupa ngazi za namba zinazoshuka. Pima gurudumu linapoendeshwa kwa mwendo usiobadilika, subiri usomaji 4 au 5 ufuatane bila tofauti ya zaidi ya mzunguko mmoja au miwili, kisha ndipo uandike.

Ukiachia kitufe, kumbukumbu inabaki na thamani tatu: kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote na ya mwisho. Kitufe cha MEM huzionyesha moja moja, na skrini hutanguliza herufi UP kwa kubwa, dn kwa ndogo na LA kwa ya mwisho. Iamini LA. UP na dn zinachafuliwa na sekunde ya kwanza kabla hujalenga vizuri na sekunde ya mwisho mkono unapoondoka. Ukitaka UP iwe na maana, lenga kwanza stika ikiwa imesimama, jua mkono uko wapi, halafu ndipo gurudumu lianze kuzunguka na ubonyeze.

Umbo lake si baya. Kitufe kimekaa pale kidole gumba kinapofika, na namba kwenye skrini ni kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa umechuchumaa kando ya gurudumu. Kinachokosekana ni tundu la kufungia kwenye stendi. Kwa kipimo cha dakika nzima mkono unachoka; kiegemeze kifaa kwenye kipande cha ubao au kiti kidogo, leza ibaki mahali pamoja.

Stika ibandikwe wapi

Kifaa hakijui gurudumu ni nini. Kinahesabu mara ambazo mwanga mwingi umerudi ghafla baada ya giza. Kama mwanga unarudi mara 2 kwa mzunguko, namba inakuwa maradufu. Spoki 36 za kromu na rimu inayong'aa zinaweza kukuletea namba yoyote ile, na mara nyingi namba hiyo inarukaruka.

Kwa sababu hiyo usibandike stika kwenye rimu wala kwenye spoki. Mahali bora ni ubavu wa tairi lenyewe: mpira mweusi uliofifia haurudishi mwanga, na stika peke yake ndiyo inang'aa. Futa sehemu hiyo kwa kitambaa chenye spiriti hadi vumbi na mafuta vitoke, iache ikauke, kata stika mraba wa milimita 12 hivi, kisha ibonyeze kwa kidole kwa sekunde chache. Kama tairi lina maandishi meupe au mstari mweupe ubavuni, hamia nusukipenyo kingine ambapo mduara mzima ni mweusi. Kama ni lazima utumie chuma, kwa mfano ngoma ya breki, paka mduara mzima rangi nyeusi isiyong'aa au zungushia tepu nyeusi, ndipo ubandike stika juu yake. Kanuni ni kwamba sehemu isiyoakisi iwe kubwa kila mara kuliko inayoakisi.

Usilenge wima moja kwa moja. Inamisha kifaa kidogo, kama nyuzi 15 hadi 30 kutoka kwenye mstari ulio wima kwa ubavu wa tairi. Chuma laini hurusha mwanga upande wa pili kama kioo, lakini stika ya kuakisi imetengenezwa irudishe mwanga kule ulikotoka hata ukija kwa mshazari. Hila hiyo moja huondoa usomaji mwingi wa uongo.

Kuhakiki kwamba kinachohesabiwa ni stika pekee, kuna jaribio rahisi. Pima kwa stika moja. Simamisha gurudumu, bandika stika ya pili upande wa pili kabisa, lirudishe kwenye mwendo uleule, pima tena. Namba lazima iwe maradufu: 466 iwe 932 au karibu sana. Ikiongezeka kwa kiasi kingine chochote, kuna kitu kingine kinachong'aa kwenye njia ya leza, au kuna stika inayokosa kusomwa.

Stika nyingi zina matumizi mengine pia. Gurudumu linalokwenda polepole, chini ya mizunguko 50 hivi kwa dakika, husomwa kwa kuchelewa na namba inayumba. Bandika stika 4 kwa nafasi sawa, soma, gawanya kwa 4. Nafasi zikiwa hazilingani namba itacheza, kwa hiyo zipime kwa kamba iliyokunjwa mara nne badala ya kukisia kwa jicho.

Taa na jua navyo viingie kwenye hesabu. Jua kali likipiga stika moja kwa moja, kifaa kinashindwa kutofautisha mwanga wake na wa jua. Geuza chombo au weka kivuli. Chini ya taa za umeme wa hertzi 50, mwanga hupepesa mara 100 kwa sekunde, ambayo ni mara 6,000 kwa dakika. Ukiona 6,000 au 3,000 imeganda na gurudumu linaonekana wazi linakwenda taratibu, unapima taa. Izime au sogea.

Pikipiki kwenye stendi kubwa

Gurudumu la nyuma likiwa juu, injini ikiwa kwenye gia, msaidizi mmoja ashike mafuta na mwingine ashike tachometa. Simameni kando, mtu asisimame mbele wala nyuma ya gurudumu, kwa sababu jiwe lililobanwa kwenye meno ya tairi linaruka kwa mstari huo. Milango iwe wazi kwa ajili ya moshi. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, na leza isielekezwe machoni wala kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki.

Wengi hushangaa hapa kuona mshale wa spidi umelala kwenye sifuri. Kwenye pikipiki nyingi za kazi, kebo ya spidi inatoka kwenye ekseli ya mbele, na gurudumu la mbele limesimama. Kwa hiyo kipimo cha nyuma kinakuambia habari za injini, gia na sproketi. Hakikuambii kama dashibodi inasema kweli. Kuhakiki dashibodi ya pikipiki ya aina hiyo, gurudumu la mbele ndilo liinuliwe na lizungushwe kwa mwendo thabiti na mota yenye roli ya mpira, huku mmoja akisoma mshale na mwingine tachometa.

Unapobadilisha namba ya tachometa kuwa spidi, tumia mzingo ulioupata kwa kuviringisha ukiwa na mzigo, hata kama wakati huu gurudumu linaning'inia. Swali ni pikipiki ingekwenda spidi gani barabarani, na barabarani tairi limebonyea.

Gari, na mtego wa difu

Kwa gari kuna kosa moja linalorudiwa sana. Fundi anainua gurudumu moja la kuendeshea, analizungusha kwa injini, dashibodi inasema 40, anahesabu mizunguko inayotakiwa kwa 40 kilomita kwa saa, tachometa inampa maradufu. Anaondoka akisema tachometa ni mbovu.

Tachometa imesema kweli. Difu ya kawaida inagawa mzunguko kati ya magurudumu mawili, na wastani wa mawili hayo ndio unaolingana na shafti inayotoka giaboksi. Kwenye magari mengi spidi ya dashibodi inasomwa kutoka giaboksi. Gurudumu moja likiwa chini limesimama kwa sifuri, la pili lililo hewani linabeba mzunguko wote wa wawili. Dashibodi inaonyesha 40, gurudumu lililo juu linazunguka kama gari linakwenda 80. Hapo ndipo penye hatari pia: mtu anapandisha mshale hadi 80 akidhani ni kawaida, na tairi linazunguka kwa kasi ya 160.

Inua magurudumu yote mawili ya kuendeshea kwenye stendi imara, si kwenye jeki pekee, na weka vizuizi kwenye magurudumu mengine. Hata hapo mawili hayo hayatalingana, kwa sababu breki ya upande mmoja hukwaruza zaidi. Pima kushoto, pima kulia, jumlisha, gawanya kwa 2. Kushoto 410 na kulia 452 zinatoa wastani wa 431. Zidisha kwa 1.935 na kwa 0.06, unapata kilomita 50 kwa saa. Wastani huo ndio wa kulinganisha na mshale.

Gari lenye difu ya kufunga au la kuendesha magurudumu manne lisijaribiwe kwa njia hii kabisa. Gurudumu moja lililobaki chini linaweza kulisukuma gari kutoka kwenye stendi. Magari yanayochukua spidi kwenye vihisi vya ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga) nayo yanaweza kuwasha taa za hitilafu yakiona magurudumu ya mbele na nyuma hayapatani.

Na mshale ukisoma juu kidogo kuliko hesabu, usikimbilie kurekebisha. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inataka spidi ya dashibodi isiwe chini ya spidi halisi hata kidogo, na isizidi kwa zaidi ya asilimia 10 ya spidi halisi ukiongeza kilomita 4 kwa saa. Kwa spidi halisi ya 50, mshale unaruhusiwa kusoma popote kati ya 50 na 59. Watengenezaji huuweka juu kwa makusudi.

Baiskeli za umeme: hapa ndipo inapolipa

Kazi ambayo kifaa hiki kinairudishia fedha yake haraka zaidi ni baiskeli na pikipiki zilizofungwa mota ya umeme kwenye gurudumu. Skrini ya mfumo huo haipimi spidi. Inahesabu mapigo kutoka kwenye mota au sumaku, halafu inagawanya kwa idadi ya sumaku na kuzidisha kwa ukubwa wa gurudumu ulioingizwa na fundi. Moja ya namba hizo ikiwa si sahihi, skrini inadanganya kwa uwiano uleule siku zote.

Mfano: gurudumu la 26×1.95, mzingo mita 2.05. Skrini inasema 25. Mizunguko inayotakiwa ni 203. Tachometa inasoma 183. Spidi halisi ni 183 mara 2.05 mara 0.06, yaani 22.5. Uwiano ni 0.9. Rudia kwa spidi nyingine mbili. Uwiano ukibaki 0.9 kila mara, mpangilio wa skrini ndio wenye kosa. Uwiano ukibadilikabadilika, tafuta sumaku inayokosa kusomwa au waya uliolegea. Jambo moja la kukumbuka: spidi ya juu kabisa gurudumu likiwa hewani ni kubwa kuliko utakayoipata barabarani, kwa sababu hewani mota haibebi kitu. Usimtangazie mteja namba ya hewani.

Mahali isipofaa

Haiwezi kutumika chombo kikiwa safarini. Anayetaka mizunguko au spidi akiwa barabarani anunue kihesabio cha baiskeli chenye sumaku kwenye spoki, aingize mzingo aliouviringisha kwa milimita, basi.

Kuna pia toleo la kugusa, DT-2235B+, lenye kigurudumu kinachosukumwa juu ya tairi na kutoa spidi ya uso kwa mita kwa dakika. Zidisha kwa 0.06 upate kilomita kwa saa. Kwa mikanda ya mashine ni zuri. Kwa tairi lililo hewani lina kasoro ya kimsingi: linapima uso wa tairi lisilobonyea. Lile tairi la 195/65R15 likizunguka mara 861, toleo la kugusa litasema kilomita 103 kwa saa, ilhali barabarani ni 100. Kwa magurudumu, chagua la leza.

Dukani na baada ya kununua

Kabla ya kulipa, omba betri iwekwe na ubonyeze kitufe. Nukta ya leza iwe kali na ndogo. Ikiwa imefifia na betri ni mpya, chukua kingine. Elekeza kwenye feni ya duka yenye kipande cha stika kwenye upanga mmoja na uangalie kama namba inatulia. Upanga uwe mmoja kweli: stika kwenye panga 3 itakupa mara tatu. Fungua mlango wa betri uone kama vichwa vinashika. Waya wa pale ni mwembamba na hukatika ukivutwa.

Betri ikianza kuchoka, leza hufifia kabla skrini haijafifia, na namba huanza kukatika au kurudi sifuri ukiwa sentimita 30 tu. Badilisha kabla ya kuanza kushuku stika. Kifaa kikikaa kabatini kwa wiki kadhaa, toa betri.

Stika inayokuja kwenye boksi ni kidogo na itaisha. Stika za kuakisi za malori, zile nyeupe na nyekundu za ubavuni na nyuma, zinafanya kazi hiyohiyo. Tumia sehemu nyeupe, kata vipande vya milimita 12, vihifadhi kwenye mfuko mkavu, na usirudishe kipande kilichokwisha kubanduliwa: gundi yake hushika vumbi, na kwenye mizunguko 800 kwa dakika kitaruka.